Mashindano ya timu za kuandika programu, Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kanuni hizi zinafuata mtindo wa ICPC, mashindano ya vyuo vikuu ambayo fainali yake ya kwanza ilifanyika mwaka 1977. Tumebadilisha machache tu ili yaendane na maabara zetu na umeme wetu. Saa zote hapa ni za Kiswahili: saa 3:00 asubuhi ndiyo 09:00 inayoonekana kwenye kona ya kompyuta.

Timu ina watu wangapi?

Watatu, wa chuo kimoja, wakitumia kompyuta moja. Unaweza kuandikisha mchezaji mmoja wa akiba, lakini akiingia lazima aingie kabla ya saa 3:00. Kengele ikishalia, waliokaa ndio hao hao. Timu ya wawili inaruhusiwa kucheza, na haipewi nyongeza yoyote.

Kwa nini kompyuta moja wakati maabara imejaa mashine?

Kwa sababu hilo ndilo shindano lenyewe. Ukiwapa watatu mashine tatu, umepata mashindano matatu ya mtu mmoja mmoja yaliyokaa meza moja. Kompyuta ikiwa moja, inabidi mmoja aandike, wa pili apange hesabu kwenye karatasi, wa tatu asome maswali yaliyobaki au atafute kosa kwenye kodi iliyochapishwa (kodi ya programu, si ile ya TRA). Timu inayoshika kibodi bila kujua inaandika nini ndiyo inayoishiwa na saa. Ukikwama kwenye kosa kwa dakika 10, chapisha kodi yako, mpishe mwenzako, ukaisome kwa kalamu pembeni.

Nani anaruhusiwa?

Mwanafunzi yeyote mwenye usajili hai wa stashahada au shahada. Si lazima asome kompyuta. Wa uhasibu, ushirika au ualimu wa hisabati wanakaribishwa, na hisabati inasaidia kuliko wengi wanavyodhani. Siku ya shindano njoo na kitambulisho cha chuo. Kama kimepotea, leta barua ya ofisi ya usajili yenye picha na mhuri. Picha ya kitambulisho kwenye simu haikubaliki, maana simu yenyewe haiingii chumbani.

Wanafunzi wa kidato cha tano na sita wanacheza maswali hayo hayo, ila wanapangwa kwenye orodha yao. Aliye chini ya miaka 18 alete fomu ya ridhaa iliyosainiwa na mzazi au mlezi, inayosema pia kama picha zake zinaweza kutumika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haituachii nafasi ya kulipuuza hilo.

Kushiriki hapa kunapunguza nafasi zangu za ICPC?

Hapana. ICPC ina mipaka yake: mtu akishacheza fainali ya dunia mara mbili, au mashindano ya kanda katika miaka mitano tofauti, hawezi kuendelea. Shindano letu halihesabiwi huko. Wala ushindi wa hapa haukupi tiketi. Njia hiyo inapita kwenye mashindano rasmi ya nchi na ya kanda ya Afrika na nchi za Kiarabu, na chuo chako ndicho kinachokuandikisha.

Tunatoka Moshi. Tufike saa ngapi?

Ni kilomita 80 hivi mpaka Arusha, lakini usizipige hesabu kwa spidi ya gari la binafsi. Kosta haiondoki mpaka ijae, inasimama kila kituo, na Jumamosi, siku ya shindano, ni siku ya soko Tengeru, njiani. Ukiondoka stendi ya Moshi saa 12:00 asubuhi kwa matumaini ya kukaa kwenye kiti saa 2:00, unabahatisha. Ondoka saa 11:00 alfajiri, au bora zaidi njoo Ijumaa, kwa sababu Ijumaa saa 9:00 alasiri kuna zoezi la kujaribu mashine.

Zoezi hilo linachukua saa moja na nusu na lina maswali mawili mepesi yasiyo na pointi. Tunalisisitiza kwa makusudi. Ndipo unapogundua kwamba kibodi ya mezani ina mpangilio tofauti na laptopu yako, kwamba mfumo wa uendeshaji ni Linux, kwamba kihariri (programu ya kuandikia kodi) unachokipenda hakipo. Mambo hayo ukiyagundua Jumamosi, utayalipia dakika.

Ratiba ya siku yenyewe?

Saa 2:00 asubuhi ukaguzi na kukaa. Saa 2:45 simu zinakusanywa. Saa 3:00 tunaanza, saa 8:00 mchana tunamaliza. Saa 7:00 ubao wa matokeo unagandishwa: utaendelea kuona majibu ya timu yako, lakini ya wengine hutayaona mpaka kwenye zawadi. Chakula ni baada ya kumaliza. Katikati kuna maji, ndizi na karanga. Chapati na chochote chenye mafuta kinaliwa nje ya mlango, kwa ajili ya kibodi za watu.

Nani anaongoza, na adhabu inahesabiwaje?

Kwanza tunaangalia idadi ya maswali yaliyokubaliwa. Timu zikilingana, tunaangalia jumla ya dakika, na yenye dakika chache ndiyo iko juu. Kwa kila swali ulilolipata, unahesabiwa dakika tangu saa 3:00 mpaka jibu lilipokubaliwa, kisha dakika 20 kwa kila jibu bovu ulilotuma kabla ya hapo. Swali ambalo hukulipata halikupi adhabu hata kama umelituma mara kumi. Kosa la kukompaili, yaani mashine kushindwa kuigeuza kodi yako kuwa programu, pia halihesabiwi.

Chukua timu mbili zenye maswali matatu kila moja. Ya kwanza imepata dakika ya 25, ya 70 (baada ya majibu mabovu mawili) na ya 190. Jumla: 25 + 70 + 40 + 190 = 325. Ya pili imepata dakika ya 40, ya 95 na ya 160 (baada ya jibu bovu moja): 40 + 95 + 160 + 20 = 315. Ya pili inashinda, ingawa ya kwanza ndiyo iliyowahi kupata swali lake la kwanza.

Kuna funzo la mpangilio hapo. Swali jepesi likisubiri mpaka dakika ya 200, dakika hizo 200 zote zinaingia kwenye jumla yako. Ndiyo maana dakika 15 za mwanzo mnagawana karatasi za maswali, kila mtu anasoma fungu lake, na mnaanza na lililo jepesi kweli, si lililoandikwa herufi A. Maswali hayajapangwa kwa ugumu.

Maswali ni mangapi na ya lugha gani?

Kati ya 9 na 11, kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya ngazi za juu za mashindano haya. Mwisho wa kitabu cha maswali kuna ukurasa wa istilahi kwa Kiswahili. Kuomba ufafanuzi unaruhusiwa kuandika kwa Kiswahili, na utajibiwa kwa Kiswahili.

Lugha gani za programu zinakubalika?

C, C++, Java, Kotlin na Python 3. Majaji wanahakikisha kila swali linaweza kupatikana kwa Java na C++ ndani ya muda. Kwa Python hatuahidi. Maswali mengi yanapita, machache hayapiti, na hilo ulijue kabla ya kuchagua.

Programu yangu inafanya kazi vizuri mezani, kwa nini mfumo unaikataa?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo tulijibu taratibu.

Mfumo hausomi kodi yako kama mwalimu. Unaiendesha kwenye data za siri, unachukua kila ilichoandika, unalinganisha na jibu la majaji. Sababu ya kwanza ya kukataliwa ni mazoea ya darasani:

`n = int(input("Ingiza namba: "))`

Jibu linalotakiwa ni `7`. Wewe umetoa `Ingiza namba: 7`. Hesabu yako ni sahihi na jibu lako ni bovu. Andika `input()` tupu. Ni vivyo hivyo kwa mistari ya kujikagua uliyosahau kuifuta.

Sababu ya pili ni ukubwa wa namba. Aina ya `int` kwenye Java na C++ inaishia 2,147,483,647. Ukijumlisha malipo ya magunia 100,000 ya kahawa kwa sh. 400,000 kila moja, unapata bilioni 40. Namba hiyo haitoshi humo, na mashine haitakuambia. Itakupa takataka, mara nyingine yenye alama ya kutoa. Tumia `long` kwenye Java, `long long` kwenye C++. Python haina tatizo hili.

Tatu, mipaka. Swali likisema n inaweza kuwa 1, jaribu 1. Likisema inaweza kuwa 0, jaribu 0. Mfano uliochapishwa kwenye karatasi ni wa kukuonyesha mpangilio tu, haukuhakikishii kitu.

Kwa Java, darasa liitwe `Main` na usiweke mstari wa `package`. Kihariri kinauweka chenyewe bila kukuuliza.

TLE maana yake nini?

Ni kifupi cha Time Limit Exceeded: muda umeisha kabla programu haijamaliza. Chukulia kwamba mashine inafanya hatua rahisi kama milioni 100 kwa sekunde ukiwa na C++. Sasa soma kikomo cha n. Kikiwa 1,000, mizunguko miwili iliyopandana ni hatua milioni moja, huna wasiwasi. Kikiwa 200,000, mizunguko hiyo hiyo ni hatua bilioni 40, yaani sekunde 400 hivi, na wewe umepewa 2. Hapo kubana kodi hakusaidii, inabidi ubadili njia: panga data kwanza, tafuta kwa kugawa nusu, au hifadhi jumla zilizokwisha kupatikana.

Wakati mwingine njia ni nzuri ila usomaji wa data ndio unaochelewesha. Kwenye Python, `input()` mara 200,000 ni nzito. Soma kwa `sys.stdin`. Kwenye Java, acha `Scanner`, tumia `BufferedReader`. Kwenye C++, `endl` inalazimisha kuandika kila mstari papo hapo, tumia `'\n'`.

Na ukiona programu ya Python imeanguka katikati badala ya kuchelewa, angalia kama inajiita yenyewe. Kikomo chake cha kawaida ni mara 1,000.

Naruhusiwa kuingia na nini?

Karatasi za kumbukumbu zisizozidi kurasa 25 za A4, zilizochapishwa upande mmoja, zenye namba za kurasa na jina la chuo juu. Maandishi yasomeke bila kioo cha kukuzia. Leteni nakala tatu, kila mmoja na yake. Kamusi ya karatasi inaruhusiwa. Kalamu, penseli, dawa ulizoandikiwa, sweta pia. Asubuhi za Juni na Julai Arusha si za fulana.

Haviingii: simu, saa za kisasa, fleshi, vikokotoo, vipokea sauti, kibodi ya kwako. Simu inazimwa, haiwekwi kimya tu, kisha inafungwa kwenye bahasha yenye jina la timu. Ikilia ndani ya bahasha saa 5:00, msimamizi atawaita wote watatu nje waizime, na saa haisimami.

Intaneti? ChatGPT?

Hakuna. Seva iko ndani ya jengo, na waya wa nje unachomolewa kabla ya saa 3:00. Nyaraka za lugha za programu zimewekwa kwenye kila mashine. Ukijiunganisha na mtandao wowote, hata kwa dakika moja na hata kama hukunakili kitu, timu inatolewa.

Wasimamizi wanakaa wapi na wanafanya nini?

Kila chumba kina msimamizi mmoja kwa timu nne, na haruhusiwi kusimamia safu yenye timu ya chuo chake. Wako wa aina mbili, usiwachanganye. Mwenye fulana ya bluu anakagua, anasindikiza chooni, anaandika matukio kwenye daftari pamoja na dakika yake. Mwenye fulana ya kijani ni fundi: mtandao, printa, skrini. Hakuna kati yao anayejibu jambo la maswali. Ukimwuliza mwenye bluu "hapa wanamaanisha nini?", jibu lake limeandikwa kwenye kanuni: "Tuma kwa majaji."

Chooni anakwenda mtu mmoja wa timu kwa wakati. Karatasi inabaki mezani.

Makocha je?

Baada ya saa 2:45 kocha hayuko chumbani. Ana chumba chake chenye skrini ya matokeo na chai. Kuongea na timu kabla ya saa 8:00, hata kwa ishara dirishani, kunaigharimu timu, si kocha. Tunajua hilo linauma. Lakini adhabu ya kocha peke yake haimzuii mtu.

Tukiona swali lina kosa?

Tumeni ombi la ufafanuzi kupitia mfumo. Taja herufi ya swali, mstari, na tafsiri mbili unazoziona: "Swali D, mstari wa 6: je, mji unaweza kuwa na barabara ya kurudi kwake mwenyewe?" Likiwa na msingi, jibu linakwenda kwa timu zote kwa pamoja. Likiwa tayari limo kwenye karatasi, utajibiwa "Soma tena swali," na hiyo si kejeli. Maombi ya aina ya "jibu letu lina kosa gani?" hayajibiwi.

Na data za majaji zikiwa ndizo zenye kosa?

Hutokea hata kwenye mashindano makubwa. Kujikinga, kila swali linaandikiwa majibu mawili na watu wawili wasioonyeshana, na angalau moja ni la Java. Kikomo cha muda kinawekwa mara mbili au tatu ya muda wa jibu la Java. Kosa likigundulika hata hivyo, data zinarekebishwa na majibu yote ya swali hilo yanaendeshwa upya. Jibu lililokataliwa kimakosa linakubaliwa kwa dakika lilipotumwa mwanzo. Lililokubaliwa kimakosa linabaki, maana timu ilishaliacha na kuendelea na mengine kwa neno letu.

Umeme ukikatika?

Seva na swichi za mtandao ziko kwenye UPS (betri ya dharura), na jenereta inawaka baada ya muda mfupi. Kompyuta za mezani nyingi hazina UPS, kwa hiyo zitazimika. Hifadhi kazi kila baada ya mistari michache; kihariri tulichoweka kinajihifadhi chenyewe kila sekunde 30, ila usikitegemee kama bima. Chumba chote kikizimika, jaji mkuu anasimamisha saa ya vyumba vyote, nanyi mnaweka kalamu chini. Mkiendelea kujadiliana gizani, inaandikwa daftarini.

Mashine ya timu moja ikifa, mnahamia ya akiba. Kama uhamisho umekula zaidi ya dakika 10 na kosa si lenu, mnabaki mwishoni kwa dakika zile zile mlizopoteza.

Udanganyifu unagunduliwaje?

Kwa macho, kwa kumbukumbu za seva, na kwa kulinganisha kodi za timu zote kwa Moss, programu iliyoanza mwaka 1994 na inayoendeshwa kwenye seva ya Chuo Kikuu cha Stanford. Haidanganyiki kwa kubadili majina ya vigeu wala kusogeza mistari. Kodi mbili zikifanana mno, majaji wawili wanazisoma kabla ya mtu yeyote kuitwa, kwa sababu njia za vitabuni hufanana hata bila wizi.

Zawadi ni nini?

Timu ya kwanza sh. 900,000, ya pili 600,000, ya tatu 300,000. Zinagawanyika kwa tatu bila chenji, na hilo si bahati mbaya. Kila mwanafunzi analipwa fungu lake moja kwa moja, kwa akaunti au namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Hatulipi kupitia kocha, nahodha wala chuo. Malipo yanatoka ndani ya siku 14. Yanayochelewa huwa ni yale ya mtu aliyejaza namba ya kaka yake.

Timu zikilingana kwa maswali na dakika, anayetangulia ni aliyewahi kupata jibu lake la mwisho. Zikilingana hata hapo, zawadi za nafasi hizo zinajumlishwa na kugawanywa sawa. Timu bora ya mwaka wa kwanza inapata vitabu. Mchezaji wa akiba asiyeingia anapata cheti, si fedha.

Kuhusu vyeti: jina linaandikwa herufi kwa herufi kama ulivyolijaza. Jackline na Jacqueline ni watu wawili kwa printa.

Maputo yale ni ya nini?

Kila swali lina rangi yake. Ukilipata, puto la rangi hiyo linafungwa kwenye kiti chako. Ni njia ya bei rahisi ya kuona, kwa kuinua kichwa tu, swali lipi linapatikana: ukiona maputo ya njano sita chumbani nanyi hamjaligusa swali la njano, achaneni na mnalohangaika nalo. Baada ya saa 7:00 hayaletwi tena, ili ubao ulioganda usivuje.

Rufaa inapokelewa mpaka lini?

Dakika 30 baada ya kengele ya mwisho, kwa maandishi, ikisainiwa na nahodha. Iseme kanuni ipi imevunjwa, dakika ya ngapi, na msimamizi yupi alikuwepo, ili jaji mkuu alinganishe na daftari. Zawadi hazitangazwi kabla rufaa zote hazijajibiwa. Kisha ubao unafunguliwa kuanzia timu ya mwisho kwenda juu, jibu moja baada ya jingine, na mpaka hapo hata anayeongoza hajui kama bado anaongoza.